Niliweka betri za droni darini, lawama kabeba mama mdogo

Dada Winfrida, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu siku hiyo ukoo wetu unakaa kikao kule Mgeta na kuna mtu ataondolewa nyumbani kwake kwa kosa ambalo ni langu, na mpaka leo ninapoandika anayejua ni mimi peke yangu, na sasa wewe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, mwalimu wa fizikia hapa Morogoro mjini, mke sina, ila droni ninayo. Ni ile ndogo ya mapangaboi manne, niliinunua mwaka jana kwa kujifurahisha tu, jioni baada ya vipindi naenda nayo uwanjani naipandisha, wanafunzi wanakusanyika, na nikiri hapa kwamba napenda wanavyoniangalia. Likizo ya Juni nikapanda nayo Mgeta kwa wajomba zangu ili nipige picha za milima na mashamba kutoka juu. Sisi ni Waluguru, ukoo wetu unafuata kwa mama, kwa hiyo nyumba ile ndiyo kwetu hasa. Anakaa mjomba, nitamwita Salum, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, na dada yake aliyefiwa na mume, yaani mama yangu mdogo, nitamwita Mwaisha. Majina yao nimeyabadilisha.

Mama mdogo Mwaisha ndiye mtunza mbegu. Kwetu mbegu haziwekwi stoo, zinawekwa darini jikoni, juu kabisa ya mafiga, moshi unazikausha na wadudu hawazigusi, na maharage yake na mahindi yake yanajulikana kitongoji kizima, msimu ukikaribia watu wanakuja na vibakuli kumwomba. Kazi hiyo aliachiwa na bibi, na sijawahi kusikia mtu amepanda mbegu ya mama mdogo ikagoma kuota.

Asubuhi ya kwanza nilirusha droni kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, betri ikaonesha asilimia sitini, mara ghafla ishirini, chombo kikaanza kulia na kujirudisha chenyewe, na mimi ule urefu wa kurudia nilikuwa nimeuweka mita thelathini, nilivyouweka nikiwa uwanja wa shule ambako hakuna kitu kirefu kuliko goli, wakati huku droni ilikuwa imeshazunguka kona ya mlima na sasa inarudi moja kwa moja kuuelekea mlima wenyewe. Niliwahi kuinyang'anya usukani nikaishusha kwenye kabichi za watu. Mtu mwenye akili angekaa akarekebisha mpangilio wake, ila mimi niliamua kwamba adui ni baridi.

Jioni ile nilikuwa jikoni naota moto, nikainua macho nikaona dari, nikawaza kwamba hapa nyumbani kitu kisichotakiwa kupata baridi wala unyevu kinawekwa pale, na kimewekwa pale tangu enzi za bibi. Nikachaji betri zote tatu zikajaa kabisa, nikazitia kwenye begi lake pamoja na chaja, nikamwambia mama mdogo naomba nafasi kidogo kati ya maharage na mahindi. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitu hakina moto wake ndani? Maana nasikia hata simu zinalipuka." Nikacheka, Dada Winfrida. Nikamwambia, "Huu ni umeme, mama mdogo, siyo moto. Haya ndiyo ninayofundisha." Akasema haya, wewe ndiye msomi, akasogeza mbegu zake mwenyewe ili begi langu lipate nafasi.

Nilipanga kurusha alfajiri yake, lakini ukungu ukashuka siku nne, mlima haukuonekana, na betri zikabaki zimejaa vilevile juu ya joto na moshi. Siku ya tatu nilishusha begi nikakuta betri moja imevimba, tumbo limetoka, ganda limeanza kuachana. Nilijua maana yake. Imeandikwa kwenye kitabu chake na imechorwa kwenye betri yenyewe, kuna picha ya moto. Nikaibonyeza kwa kiganja ili zipu ifunge, nikarudisha begi darini, kwa sababu betri hizi kuzipata ni mpaka niagize, na nilijiambia ikipata joto la kutosha itatulia.

Siku ya nne mchana mimi na mjomba tulikuwa barabarani tunapakia kabichi kwenye lori. Tuliposikia kelele tukakimbia, tukakuta jiko linawaka, watu wanamwaga maji kwa ndoo na sufuria. Nyumba kubwa ilipona kwa kuwa jiko limejitenga, lakini dari lilianguka lote na mbegu zote za mwaka zikawa majivu. Mjomba akauliza mbele ya watu, "Mwaisha, moto uliuachaje?" Mama mdogo akajibu, "Labda niliuchochea sana, kaka. Nilitoka kuchuma majani ya maboga, nikachelewa." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Tushukuru Mungu hajafa mtu."

Kabla giza halijaingia nilichambua yale majivu, nikaokota mabaki ya betri, nikayatumbukiza chooni. Kesho yake asubuhi, nikiwa nafunga mizigo, mama mdogo alikuja mlangoni akasema, "Nisamehe mwanangu, nimekuunguzia mashine yako." Mashine yenyewe ilikuwa chumbani nzima, kilichoungua ni betri na chaja tu. Nikamwambia, "Yameisha, mama mdogo."

Hayakuisha. Tangu siku ile kila wiki lori la mboga likishuka kwenda Dar linaniachia hapa mjini kiroba cha njegere kutoka kwake. Hasemi ni za nini, lakini sote wawili, yeye na mimi, tunajua ni za kuniomba radhi. Kiroba cha kwanza nikawagawia walimu wenzangu. Cha pili nikapika nikala, na zilikuwa tamu.

Sasa wiki iliyopita mjomba kanipigia simu kwamba dada yake amezeeka, mwaka jana aliunguza chungu na mwaka huu jiko, asije akateketeza nyumba nzima, kwa hiyo Jumapili kikao kitamkabidhi mke wa mjomba kazi ya mbegu, na mama mdogo atahamia Turiani kwa binti yake Zainabu. Nikampigia mama mdogo mwenyewe. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Nitalima nini mimi huko tambarare, mwanangu? Kule ni miwa." Ana miaka hamsini na sita na macho yake anatia uzi kwenye sindano.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu nianze barua hii. Ulipotokea moto mama mdogo alikuwa ameshafika mlangoni na majani yake, na majirani wanasema angeweza kuvuta gunia moja la mbegu kabla dari halijaanguka. Alichovuta ni begi langu. Lilikuwa ndilo linalowaka, yeye akadhani linaunguzwa, akalikamata kwa mkono wa kulia, likamponyoka likarudi motoni. Mkono ulifungwa kitambaa mpaka naondoka, na mimi sikuuliza umekuwaje. Hata kwenye simu sijauliza. Naona aibu, Dada Winfrida, naona aibu mpaka darasani nikifika sura ya joto nawaambia wanafunzi wasome wenyewe.

Nikisema sasa, mjomba atauliza kwa nini nilinyamaza miezi miwili, na jibu sina. Ndipo nikapata wazo, na ndilo ninalokuombea ushauri. Mjomba husoma gazeti lenu. Je, ukiichapa barua hii akaisoma akajitambua, si itakuwa nimeshasema?

Mimi mwenye aibu,
Morogoro mjini


DADA WINFRIDA ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Hapana, haitakuwa umesema. Itakuwa nimesema mimi, na mimi sikuchoma jiko la mtu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, kwa sababu mtu asiyejali hali njegere huku anahesabu dhambi zake. Mara ya pili nilifika pale ulipobonyeza betri iliyovimba kwa kiganja ili zipu ifunge, na huruma ikapungua. Ulijua. Kuweka betri darini ni ujinga, na ujinga una msamaha wake, tena ujinga wako umekaa kienyeji mpaka unachekesha, umechukua kitu cha umeme ukakihifadhi kama maharage ya bibi. Kuirudisha ikiwa imevimba ni kitu kingine. Na ulichofanya mbele ya mjomba, ukiwa hatua mbili kutoka kwa yule mama, hicho sikitafutii jina, umekitafutia mwenyewe na umelipata: aibu.

Unasema jibu la kwa nini ulinyamaza huna. Unalo. Ulinyamaza kwa sababu ulishamwambia "haya ndiyo ninayofundisha", na ilikuwa rahisi kwako yeye aonekane mzee kuliko wewe uonekane hujui. Sema hivyohivyo. Ni jibu baya lakini ni la kweli, na wajomba wameshasikia mabaya zaidi ya hilo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe umeenda mbali, mzigo ni wako na umemtwika mwenzio, halafu unatuandikia kwamba umechoka.

Mambo ya droni siyajui, kwa hiyo barua yako nilimpelekea Severin, fundi wa vifaa vya umeme hapa Dar ambaye hizo droni anazirusha na kuzitengeneza. Jina lako sikumtajia. Alisoma akashika kichwa. Anasema betri za aina hiyo hazipendi kukaa zimejaa. Ukijua hurushi leo wala kesho, ziache nusu au kuzidi kidogo, mahali pakavu penye ubaridi wa kawaida, mbali na jiko, mbali na jua la dirishani, ndani ya bati au chombo kisichoshika moto. Baridi ya Mgeta haiziui, inazilegeza tu. Dawa yake ni kuiweka betri mfuko wa ndani wa koti nusu saa kabla ya kurusha, ukishapaisha uiache droni ielee karibu na ardhi dakika moja ipate joto lake, na ukiona asilimia thelathini ushuke, usisubiri kulia. Ukimaliza usiichomeke kwenye chaji ikiwa bado ya moto, na ikiwa kwenye chaji usiiache peke yake ukaenda kupakia kabichi. Iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi. Inatolewa nje, inafukiwa kwenye ndoo ya mchanga, kisha inapelekwa kwa fundi anayejua pa kuipeleka. Chooni siyo pa kuipeleka, na hilo umwambie mjomba pia, choo ni chake.

Kuhusu kurudi, Severin kauliza, huyu mwalimu ana macho? Kila unapohama mahali, kabla hujapaisha, subiri chombo kijue kiko wapi, halafu angalia kilima kirefu kuliko vyote vilivyokuzunguka na uweke urefu wa kurudia juu ya hicho. Mita thelathini ni za goli la shule.

Haya. Betri zimeisha, turudi kwa mtu.

Kesho Alhamisi nenda kwa mkuu wako wa shule, omba ruhusa ya siku mbili, sema ni msiba wa heshima, maana ndivyo ulivyo. Ijumaa panda Mgeta. Usiende kwa mjomba kwanza. Najua utataka kwenda kwa mjomba, kwa sababu mbele ya mwanaume mkubwa utajitetea vizuri na mtaitana wanaume. Nenda kwa mama mdogo. Usimpelekee kanga, usimpelekee sukari, atapokea kwa adabu na wewe utajificha nyuma ya mfuko. Nenda mikono mitupu, isipokuwa ile droni. Mwoneshe betri inapokaa, mwambie, "Uliniuliza kama kina moto ndani. Kinao. Nilijua Jumanne kwamba kimevimba, nikakurudishia juu ya kichwa chako." Au siku yoyote iliyokuwa, wewe ndiye unayeijua. Mwache aseme anachotaka. Akinyamaza, na wewe nyamaza, usimwambie yameisha. Neno hilo siyo lako tena, ni lake, na hakuna anayemdai alitoe.

Ukitoka kwake ndipo uende kwa mjomba Salum, siku hiyohiyo. Mwambie yote pamoja na ya chooni. Kisha mwombe ruhusa ya kusimama kwenye kikao Jumapili, useme mbele ya walewale waliomsikia mama mdogo akijilaumu kwa majani ya maboga. Lawama ilitolewa hadharani, haiondolewi chumbani. Wakiamua bado aende Turiani, iwe ni kwa sababu yeye amependa kukaa na bintiye, isiwe kwa sababu yako.

Sasa mbegu, maana nimekuona unaomboleza mkono na jina, mbegu hukuzisemea kitu, na mvua za vuli haziko mbali. Umeniambia mwenyewe kwamba kitongoji kizima huja na vibakuli kumwomba mbegu. Basi mbegu za mama mdogo hazikuungua zote, mwalimu. Ziko kwenye mashamba ya watu na majikoni mwa watu, miaka yote hii zimekuwa zikitoka kwake. Jumamosi chukua kibakuli, wewe mwenyewe, usimtume mtoto, upite nyumba kwa nyumba. Kila mlango utaamkia, utasema, "Nimekuja kuomba mbegu ya Mwaisha imrudie Mwaisha," na watakuuliza kwa nini umekuja wewe, na utawaambia. Itakuwa milango mingi na njia za kwenu zina mwinuko. Mpaka jioni utakuwa umelisema jambo hili mara nyingi kiasi kwamba Jumapili halitakushinda. Na ukishamrudishia mbegu zake, rudi likizo ijayo umjengee dari, mbao kwa mbao.

Droni usiitupe. Watu wenye aibu hupenda kutupa vitu, wakadhani wamejirekebisha. Ihifadhi kama Severin alivyosema, na sura ya joto kaifundishe. Waambie wanafunzi wako mwalimu alichoma nini. Hawatasahau sura hiyo mpaka mtihani wa taifa.

Umeniuliza kama gazeti linaweza kukusemea, na nimeamua nikujibu kwa kulichapa. Leo ni Jumatano. Nimeuliza watu wa usambazaji, wanasema nakala za Mgeta hupanda na lori la mboga linaporudi tupu kutoka Dar, zinafika Jumamosi mchana. Majina umebadilisha, lakini dari lililoungua Juni kule kwenu ni moja. Kwa hiyo mjomba atasoma, kama ulivyotaka. Una Ijumaa nzima na Jumamosi asubuhi ya kufika kabla yangu.

Njegere za wiki hii zikija, usizipike. Panda nazo Mgeta, hizo siyo zawadi, ni zake.

Na ukifika mlangoni kwake, kabla ya betri, kabla ya maelezo yoyote, piga shikamoo, ukae chini, umwombe akuoneshe ule mkono.